Je, Mtengeneza Reli Ndogo Anadaiwa Ukweli?

Swali ninalolijadili hapa linaweza kuonekana la kitoto. Mtu anayetengeneza treni ndogo pamoja na reli zake, stesheni zake, vilima na madaraja yake, vyote vikikaa juu ya meza moja, je, anadaiwa ukweli na yeyote? Na kama anadaiwa, ni ukweli upi: wa vyuma au wa watu? Wengi niliowauliza chuoni walicheka kwanza, kisha wakanijibu kwamba ule ni mchezo tu, na mchezo haudaiwi. Sikubaliani nao, na nitajaribu kueleza kwa nini. Sehemu ya jibu langu inabishaniwa chumbani kwetu hadi leo, kwa hiyo msomaji asitarajie nimkabidhi hukumu iliyopigwa muhuri.

Swali lenyewe limenijia katika mji usio na reli. Rwanda haijawahi kuwa na treni ya abiria. Mizigo yetu mingi hutoka bandari ya Dar es Salaam kwa malori, safari ya karibu kilomita 1,500, na kuvuka mpaka pale Rusumo. Vijana wengi wa rika langu hapa Kigali hawajawahi kupanda treni, na mwenzangu ninayepanga naye chumba Nyamirambo, anayesomea uhandisi, ni mmoja wao. Hata hivyo kwa miaka miwili sasa nusu ya chumba chetu imekuwa mali ya reli. Ukutani imeegemezwa meza ya vipande viwili, kila kimoja mita 1.8, iliyoungwa kwa mbao za mabaki na fundi wa Gakiriro ka Gisozi. Juu yake kuna mto, daraja, udongo mwekundu na reli ya upana wa milimita 12. Mimi ninalala upande wa pili, chini ya dirisha, na nimezoea harufu ya gundi.

Kwingineko duniani kazi hii ni ya watu wengi. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambako ghala zima limejaa treni ndogo zinazopita kati ya miji na milima ya kutengenezwa kwa mikono. Mwimbaji Rod Stewart alijenga mji mzima wa reli ndani ya nyumba yake Los Angeles kwa zaidi ya miaka 20, na alipouonyesha mwaka 2019 watu walishangaa kuona barabara zake zina uchafu. Uchafu huo si uzembe. Mmarekani John Allen, aliyefariki mwaka 1973, anakumbukwa kwa sababu alifundisha kizazi kizima kwamba treni ndogo isiyo na kutu, masizi na rangi iliyopauka ni treni ya dukani, haijawa treni.

Kwetu hakuna duka la vitu hivyo. Mwenzangu alipata reli na magurudumu kutoka kwa shangazi yake aliyeko Ubelgiji. Yaliyobaki ni ya hapa hapa: mota ndogo kutoka mashine mbovu za DVD, maboksi ya katoni, udongo wa nyuma ya nyumba uliochekechwa kwa chujio la chai, nyuzi za katani zilizokatwa kuwa nyasi, sifongo la godoro lililosagwa na kutiwa rangi likawa majani ya miti. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa, yanakuwa ardhi ya msituni ambayo jicho haliwezi kuikataa. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba uchezeaji wa treni ni anasa ya Wazungu wenye pesa. Mtoto wa kijijini anayepinda waya hadi ukawa lori lenye usukani unaogeuza magurudumu ni mwana wa ukoo huo huo. Kuna pia swali la matumizi ya fedha za buruse, ambalo mama wa mwenzangu huliuliza kila likizo. Silipi nafasi hapa; wanafunzi wenzetu wanakunywa zaidi ya hizo.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mchezo. Anayesema "ni mchezo tu" hajawahi kukaa na watu hawa. Mchezo wa kweli wa mtoto haujali vipimo: kiberiti ni basi, kizibo ni gurudumu, na hakuna wa kubisha. Mtengeneza reli anabisha. Katika kipimo kiitwacho HO, kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli zetu za zamani za Afrika Mashariki, ile ya Uganda na ile ya Kati ya Tanganyika, zina upana wa mita moja. Ukigawa milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5 hivi, na wenye kazi hii wamekubaliana kutumia 12. Nusu milimita hiyo mwenzangu anaijua na inamkera. Waingereza wana shida kubwa zaidi: kipimo chao maarufu cha OO hupunguza vitu mara 76, lakini treni zake hukimbia juu ya reli ya milimita 16.5, ambayo ni ya HO. Ukiikuza reli hiyo mara 76 unapata upana wa milimita 1,254, wakati reli halisi ya Uingereza ni 1,435. Wapo waliotoka katika kipimo hicho na kuunda vipimo vyao vingine kwa sababu hawakuweza kulala na kosa hilo.

Mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya milimita mbili hawezi kuniambia kwamba ukweli haumhusu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeukaribisha ukweli mezani. Na ukweli ukishakaribishwa, si mgeni wa kuambiwa akae kiti hiki, kile asikiguse. Hiyo ndiyo hoja yangu ya msingi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kupunguza ni kudanganya. Reli ya Uganda, kutoka Mombasa hadi Kisumu, ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 940. Ukiipunguza mara 87 bado una zaidi ya kilomita 10, yaani kutoka katikati ya mji wa Kigali hadi kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe. Hakuna chumba cha hivyo. Kila mtengeneza reli lazima akate, na kila anayetazama anajua kwamba kumekatwa. Hata lile kosa la OO si uongo, kwa maana lilitangazwa, limeandikwa, na linacheka pamoja na wenyewe. Lugha yetu inatusaidia hapa. Tunasema "mfano" kwa kitu kinachofanana na kingine, na tunasema "mfano" kwa kitu kinachotolewa ili kueleza jambo. Mfano wa daraja ni daraja dogo. Lakini ukinipa mfano, umenieleza jambo fulani. Kwa hiyo anayejenga mfano, atake asitake, anasema. Naye asemaye anaweza kufupisha bila kosa, na anaweza pia kuficha.

Plato, katika kitabu cha kumi cha *Jamhuri*, angetufukuza sote wawili, mwenzangu na mimi. Kwake mchoraji wa kitanda yuko mbali na kitanda cha kweli hatua tatu, na kazi yake ni kuwapumbaza wasiojua. Lakini Plato alikuwa akimfikiria mwigaji asiyejua ufundi wa anachokiiga. Mwenzangu anajua taruma la chuma linavyoshikwa na reli, na anajua kwa nini Reli ya Uganda ilitumia mataruma mengi ya chuma: mchwa hawali chuma. Shida yake haikuwa kutojua. Shida ilikuwa kwamba elimu yake yote ilikuwa ya vyuma.

Mwaka jana alialikwa kuonyesha kazi yake katika shule moja ya sekondari hapa mjini, kwenye siku ya sayansi. Akachagua daraja la Tsavo, mwaka 1898. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, na ulianza kwa jambo dogo. Alikuwa amekwisha kutengeneza, kwa miezi saba, kichwa cha treni anachokipenda kuliko vyote: Garratt ya daraja la 59 ya Reli za Afrika Mashariki. Ni mashine ya kutisha. Zilijengwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, zikapakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima. Moja, namba 5918, Mount Gelai, bado inasimama katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Hata ikipunguzwa mara 87 ina urefu wa zaidi ya sentimita 35. Nikamwambia aiweke darajani, wanafunzi wataipenda. Alinitazama kama nimetukana. Garratt ya 1955 juu ya daraja la 1898? Miaka 57 ya tofauti! Mjuzi yeyote angeiona mara moja na kucheka. Kwa siku ile ilihitajika mashine ndogo ya mvuke kama zile za mwanzo, ambazo baadhi zilitoka India.

Nikamuuliza: na hao walioleta mashine kutoka India, wao wako wapi?

Kwenye meza palikuwa na watu 11. Wote walikuwa wamenunuliwa Ulaya kwenye pakiti, kila mmoja na urefu wa sentimita mbili, na mwenzangu alikuwa amewapaka rangi ya kahawia. Wamevaa makoti ya baridi na kofia. Mmoja ana mbwa. Hawa ndio waliokuwa wajenzi wa Tsavo. Reli ile ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, mbali na Waafrika waliofanya kazi pamoja nao. Katika wale Wahindi, karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Mwenzangu aliyajua haya. Hakuyaona kuwa sehemu ya kazi yake. Kosa la miaka 57 kwenye chuma ni aibu. Kukosekana kwa watu 30,000 ni jambo la nafasi tu, meza haitoshi.

Alichokuwa amepanga kuweka ni simba. Kila mtu anataka simba. Mwaka ule wa 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi kambini Tsavo, mhandisi John Henry Patterson akawaua mwezi Desemba, akaandika kitabu mwaka 1907, na mwaka 1924 akayauza mabaki yao kwa Jumba la Makumbusho la Field, Chicago, ambako wapo mpaka leo. Patterson baadaye alidai kwamba waliliwa watu 135. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria karibu 35. Tuchukue hata hesabu yake kubwa: bado ni sehemu ndogo ya waliokufa. Lakini simba ana manyoya na meno, kuhara hakuna sura. Simba ana faida nyingine pia kwa msimulizi: hakuna anayemuuliza simba ameajiriwa na nani. Kifo kwa simba ni ajali ya porini, na lawama yake inaishia porini. Kifo kwa maji machafu kambini kina mwenye kambi. Makumbusho ya Nairobi yenyewe imehifadhi behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Ni haki lihifadhiwe. Ila hakuna behewa la wale waliokufa kwa kuhara, kwa kuwa hawakuwa na behewa.

Kutoka hapo ungedhani ninamtaka mwenzangu ajaze meza yake maiti. Hilo ndilo alilonijibu, na jibu lake ni zito kuliko nilivyotegemea. Alisema: "Wewe unataka nitengeneze wafu wa sentimita mbili, niwapake rangi, niwalaze kwenye nyasi za katani, halafu niwashe treni ipite kandoni mwao kwa swichi? Watoto wainame wapige picha?" Nilinyamaza. Sisi tumekulia Kigali. Sisi tunajua kwamba kuna mahali ambapo kumbukumbu haichezewi. Kwenye Ukumbusho wa Gisozi, uliofunguliwa mwaka 2004, mtu anakutana na picha za watu, majina yao, nguo zao. Nguo zile hazijapunguzwa. Zina ukubwa wa mtu, na ukubwa huo ni sehemu ya yale zinayokuambia.

Claude Lévi-Strauss aliandika mwaka 1962 kwamba kitu kilichopunguzwa kinatupendeza kwa sababu tunakishika chote kwa mtazamo mmoja kabla ya kushika sehemu zake, na hivyo tunajiona tuna nguvu juu yake. Nadhani amesema kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Nikitazama mlima mdogo najiona mkubwa, hakuna madhara. Nikimtazama mtu anayekufa na nikajiona mkubwa, kuna kitu kimeharibika ndani yangu. Aristotle naye alikwisha kuona, katika *Ushairi*, kwamba tunafurahia kutazama mwigo uliofanywa kwa uangalifu hata wa vitu vinavyotuumiza machoni, kama maiti. Alilitaja jambo hilo kama kawaida ya binadamu. Kwangu ni onyo.

Hata hivyo sikubali kwamba udogo peke yake ndio unaochafua. Katika makumbusho ya Auschwitz kuna mfano wa nyumba ya kuchomea maiti uliotengenezwa na mchongaji wa Poland, Mieczysław Stobierski, baada ya vita. Ni plasta. Ndani yake kuna watu wadogo wengi mno, wakishuka ngazi, wakivuliwa nguo, wakifa. Hakuna aliyewahi kuuita mchezo. Hauna rangi, hauna kinachosogea, hauna sehemu ya kukufanya useme "tazama alivyopatia mlango." Kilichoondolewa pale ni ile furaha ya ufundi. Na furaha ya ufundi ndiyo roho ya reli ya mwenzangu. Ukiiondoa, hana sababu ya kukesha. Kwa hiyo alikuwa sahihi kwamba meza yake haiwezi kufanya kazi ya Stobierski. Hakuwa sahihi kwamba kwa sababu hiyo haidaiwi chochote.

Nilichokuja kukiamini ni hiki. Kunyamaza na kuficha si kitu kimoja. Mtu anaweza kunyamaza kuhusu mauti na bado kazi yake ikaacha nafasi ambamo mauti yangeweza kutokea. Na anaweza kupanga kila kitu kwa namna ambayo mauti yasingewezekana kabisa: nyasi safi, mto safi, watu 11 wenye makoti, mbwa, na daraja lililosimama lenyewe kama uyoga. Huyu wa pili ameficha, hata kama kila msumari wake ni sahihi. Mtengeneza reli hadaiwi kuonyesha mateso. Anadaiwa asijenge dunia ambamo mateso yale hayangeweza kuwepo. Ni deni dogo kuliko nililomdai mwanzoni, lakini nadhani linalipika, na linalipwa kwa njia anazozijua: mahema mengi kuliko nyumba za maofisa, mapipa ya maji, njia zilizokanyagwa, moshi wa majiko, mzigo unaoonekana kuwa mzito kwa mgongo wa binadamu.

Mwenzangu, kwa kuwa ni mhandisi, hakulijibu jambo hili kwa maneno. Alichukua kalamu akapiga hesabu. Watu 2,500 kwa kilomita 940 ni zaidi kidogo ya watu wawili na nusu kwa kila kilomita. Meza yake ya mita 3.6, ikikuzwa mara 87, ni mita 313. Mita 313 za reli ile, kwa wastani, ni mtu mmoja kasoro. Alikaa na karatasi ile jioni nzima. Kisha akasema kwamba meza yake inadaiwa mtu mmoja, na mtu mmoja anamwezea.

Aliwatoa watu 11 wa pakiti. Akaanza kutengeneza wa kwake kwa waya wa simu, karatasi laini na gundi, zaidi ya 60, wenye vilemba na mashuka viunoni, na Waafrika kati yao wenye mizigo kichwani. Simba hakuwaweka. Katika hema la tatu kutoka mtoni, upande wa nyuma, aliweka kitanda cha kamba na mtu juu yake, uso umegeukia ndani. Humwoni mpaka uiname. Siku ya maonyesho sikuwahesabu walioinama, ila hawakuwa wengi. Msichana mmoja aliuliza huyo ana nini, mwenzangu akamwambia ni mgonjwa, msichana akauliza kama kambini kuna daktari. Mwalimu wa historia aliyekuwa karibu akaanza kueleza, na nafikiri alieleza kwa dakika kumi. Ubishi wetu uliobaki ni kibao. Mimi nilitaka kiwepo kibao kidogo chenye ile hesabu. Yeye anakataa: anasema kibao kingemfanya yule mtu kuwa takwimu tena, na kazi yote ilikuwa kumtoa huko. Mimi nasema asiyeambiwa hataona. Sijamshawishi, wala hajanishawishi.

Kuna upande wa pili wa swali ambao watu huudhani mwepesi: reli isiyowahi kuwepo. Mwenzangu sasa anajenga kipande cha tatu, nacho ni stesheni ya Kigali. Si ndoto ya hewani. Wajerumani walikusudia kufikisha reli Rwanda kutokea Tabora hadi kwenye pinda la mto Kagera, kazi ikaanza mwaka 1914, na vita vikaizima mwaka huo huo. Mwaka 2018 serikali za Rwanda na Tanzania zilikubaliana kuhusu reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Kwa hiyo yeye anajenga kitu ambacho kimekaribia kuwepo mara mbili. Na kwa kuwa hakipo, alidhani hapa hana deni: hakuna wafu, hakuna historia ya kupotosha, anaweka anachotaka.

Mimi naona kinyume. Reli ya zamani ina mashahidi wa kukusahihisha. Reli ya kesho haina shahidi ila dhamiri yako, na ndiyo maana ni rahisi mno kuifanya safi. Michoro yote ya maendeleo ina ugonjwa huu: miti imenyooka, watu wachache wanatembea na mikoba, hakuna anayebeba ndizi. Treni haipandi kilima kama moto zetu za Nyamirambo zinavyopanda. Inataka mteremko mdogo, inataka bonde. Bonde lenye nafasi ni Nyabugogo. Na Nyabugogo haiko wazi. Kuna stendi ya mabasi, kuna wanaouza nyanya, viatu vya mitumba, chaja za simu. Kwenye meza, kuweka stesheni pale ni suala la kupitisha kisu kwenye katoni. Nilimuuliza tu: ukikata hapa, hawa akina mama unawapeleka kipande gani cha meza? Hakuwa na kipande.

Bibi yangu ndiye mtu pekee wa ukoo wetu aliyepanda treni sana. Aliishi Tabora miaka mingi kama mkimbizi, na alipotutembelea mwezi wa nne tulimkalisha mbele ya meza. Mwenzangu alimwonyesha behewa la stesheni mpya ya Kigali, na ndani yake taa ndogo zinawaka. Bibi alilishika, akalisogeza karibu na macho.

"Mjukuu wangu, watu wamekaa wapi?"

"Bado sijawaweka, Bibi. Viti vitakuja."

"Vingapi?"

Akamweleza: viwili viwili, kama treni mpya za Dar es Salaam. Bibi akatikisa kichwa. Akasema daraja la tatu mlikaa watu watano penye viti vya watatu, na kuku chini, na mtoto wa mwenzako mapajani mwako, na kila aliyeshuka Tabora alikuwa ameahidiwa asali na mtu. Akauliza tena kama hiyo reli ya Kigali itakuwa na daraja la tatu. Mwenzangu alisema kwamba reli za siku hizi hazina. Bibi akalirudisha behewa mahali pake kwa uangalifu na kusema kwamba basi yeye atakuja kwa basi.

Tangu siku hiyo kipande cha tatu hakijasonga sana. Stesheni imehamishwa mara tatu. Mara ya mwisho ilisogezwa hadi ukingoni kabisa mwa meza, reli ikapita nyuma ya soko juu ya nguzo, jambo ambalo mwenzangu anasema lingegharimu mabilioni, nami nimemwambia kwamba katoni haina bei hiyo. Ametengeneza wauzaji 14 kwa waya wa simu. Miavuli yao bado, kwa sababu hajapata kitambaa chembamba cha kutosha. Kuhusu behewa, amenunua njiti za kiberiti na ameanza kukata viti vya mbao, vya watu watatu kila kimoja.